RetroArch na faili za BIOS: menyu inajua, basi imwambie mchezaji

Watu huniuliza kama RetroArch ni nzuri, nami huwajibu kwamba ni nzuri sana, kisha nachukua kalamu. Kalamu ni ya kuwaandikia majina ya faili. Programu hii inaweza kuwasha gemu za konsoli nyingi za zamani kwenye kompyuta ya bei ya chini, lakini kuna sehemu inayomwacha mgeni bila msaada, nayo ni pale inapohitaji faili za mfumo zinazoitwa BIOS. Nitaiandika sehemu hiyo kwa urefu, kwa sababu wanaoisifu RetroArch huiruka, na wengi wanaoiponda walikwama hapo hapo bila kujua walikwamia wapi.

Nina chumba cha gemu za zamani hapa Umoja, Nairobi. Kompyuta zangu ni zile ndogo za ofisini, mitumba kutoka Uingereza, nilizonunua Luthuli Avenue. Nimeziunganisha na televisheni na pedi za waya. Baada ya shule wanakuja watoto. Jumamosi jioni wanakuja baba zao, na hao ndio hukaa muda mrefu zaidi, maana wanatafuta gemu walizocheza wakiwa shule ya msingi. Pembeni nina meza ya ufundi, ambapo watu huleta simu na kompyuta niwasaidie kuweka emuleta, yaani programu inayoiga konsoli. Kwa hiyo naijua programu hii nikiwa mtumiaji, na pia nikiwa mtu anayewaona wengine wakiishika kwa mara ya kwanza.

Kwa asiyeifahamu: RetroArch ilianza mwaka 2010 ikiitwa SSNES, ikapata jina la sasa mwaka 2012. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Yenyewe si emuleta moja. Ni nyumba yenye menyu moja, na ndani yake unaweka viini, kila kiini kikiiga konsoli fulani. Kiini kimoja ni cha Super Nintendo, kingine cha Game Boy Advance, kingine cha PlayStation ya kwanza. Ukishapanga pedi yako mara moja, mpangilio unatumika kila mahali. Unaweza kuhifadhi gemu katikati ya pigano, kurudisha nyuma ulipokosea, na kuweka kichujio kinachofanya kioo cha kisasa kifanane na televisheni ya kichogo. Inakwenda kwenye Windows, Linux, Android, na tangu Mei 2024 inapatikana pia kwenye App Store ya Apple. Kwa kazi yangu sijapata kingine kinachonipa vitu vyote hivi kwenye mashine yenye RAM kidogo. Hayo yote naipa alama kamili na sina neno la kuongeza.

Sasa tuje kwenye BIOS.

Gemu za kaseti, kama za Nintendo ya kwanza au Mega Drive, zilikuwa na kila kitu ndani ya kaseti. Ukiiwasha konsoli, inaanza kusoma kaseti moja kwa moja. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza gemu za Super Nintendo kwenye RetroArch miaka na miaka bila kulisikia neno BIOS. Konsoli za CD zilikuja na mpango mwingine. PlayStation, iliyotoka Japani Desemba 1994 na kufika Marekani na Ulaya Septemba 1995, ina chipu yenye programu ndogo ya mfumo, kilobaiti 512 tu. Programu hiyo ndiyo inayoonyesha nembo ukiwasha, inakagua diski, inasimamia kadi ya memori, na gemu yenyewe huendelea kuiita ikiwa kazini. Emuleta inayoiga mashine hiyo kwa uaminifu inahitaji programu hiyo. Sega CD ina yake, Saturn ina yake, PlayStation 2 ina yake ya megabaiti 4, na hata kile kifaa cha diski cha Famicom cha Wajapani kinataka faili moja ndogo ya kilobaiti 8 iitwayo disksys.rom.

Mbona basi RetroArch isije nazo? Kwa sababu ni mali ya waliozitengeneza. Hapa kwetu Kenya Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za fasihi zinazolindwa, na nchi nyingine zina sheria za namna hiyo. Kule Marekani, mwaka 2000, mahakama ya rufaa katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix ilikubali kwamba kuichunguza BIOS ili uandike programu yako mwenyewe inayofanya kazi ile ile ni matumizi halali. Kuigawa BIOS yenyewe ni habari nyingine. Waandishi wa RetroArch wako sahihi kabisa kutoziweka ndani, na njia iliyo safi ni kuitoa kwenye konsoli yako. Mimi ya PlayStation 2 niliitoa kwenye mashine yangu ya zamani, kwa flashi na kadi ya memori yenye Free McBoot, programu inayoiwezesha konsoli hiyo kuwasha programu zisizo za Sony. Inachukua muda, lakini inawezekana, na ukishamaliza huna wa kumwogopa.

Kwa hiyo sidai kwamba programu inipe faili. Ninachodai ni maelezo. Kama hairuhusiwi kunipa kitu, basi angalau iniambie waziwazi ninahitaji kitu gani, chenye jina gani, kikae wapi, na kama nilichokiweka ndicho.

Nitasema kwa nini hili linanigusa. Jirani yangu mmoja, dereva wa matatu, alikuja mezani kwangu na albamu ya CD za PlayStation alizozitunza tangu ujana wake. Alikuwa amezinakili kwenye kompyuta ya binti yake na kuziweka kwenye emuleta fulani, wala haikuwa hii ninayoitathmini. Kioo kilibaki cheusi. Akazisugua CD kwa dawa ya meno, akazinakili upya, kioo kikabaki cheusi vile vile.

"Mama, hizi zimekufa," akaniambia. "Mbili tatu nimeshatupa."

"Hazijafa, baba. Kuna faili moja haipo."

Akanitazama kama aliyeelezwa kwamba gari lililolala gereji mwaka mzima lilikuwa limeishiwa petroli. Zile alizotupa hazikurudi. Diski nzima ya gemu hufika megabaiti 650 au zaidi. Kilichokosekana kilikuwa nusu megabaiti. Na kuna vijana wanaomaliza bando za data wakipakua kitu kikubwa upya kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba kidogo ndicho hakipo. Mtu akikosa maelezo hulaumu kile anachoweza kukishika: CD, simu, pedi, hata stima. Faili ya mfumo hawezi kuilaumu, maana hajawahi kusikia kwamba ipo.

RetroArch inayajua haya yote. Hapo ndipo napata uchungu. Kila kiini kinakuja na faili ndogo ya maandishi inayomalizikia .info, na ndani yake kuna orodha ya faili za mfumo: jina, maelezo mafupi, na kama ni ya lazima au ya hiari. Menyu inaisoma orodha hiyo. Ukipakia kiini, ukaenda Main Menu, kisha Information, kisha Core Information, ukateremka kupita jina la kiini, waandishi, leseni na aina za faili zinazokubalika, utafika kwenye sehemu ya firmware, yaani hizo faili za mfumo. Kila faili ina mstari wake unaosema ipo au haipo, ya lazima au ya hiari. Chini zaidi, kwenye maelezo ya ziada, utakuta misimbo ya MD5, ya kuhakikishia yaliyomo ndani ya faili.

Ni kazi nzuri iliyofichwa. Nani atafika huko? Mtoto wa miaka kumi na mitatu amechagua gemu, amebonyeza, haikuwaka. Hawezi kuwaza kwamba jibu liko menyu tatu mbali, chini ya leseni. Baadhi ya viini hutoa ujumbe mfupi unaopita chini ya kioo. Vingine hukurudisha kwenye menyu kimya kimya. Vingine huacha kioo cheusi. Ujumbe wa sekunde chache unafaa kukuambia kwamba gemu imehifadhiwa. Jina la faili lenye herufi na tarakimu, ambalo mtu anatakiwa kulinakili neno kwa neno, linahitaji kukaa kwenye kioo mpaka msomaji mwenyewe aliondoe.

Kuna mpangilio mmoja unaosaidia na ningependa kila mtu aujue. Ingia Settings, kisha Core, utafute "Check for Missing Firmware Before Loading". Ukiuwasha, programu itakagua kabla ya kupakia gemu, na kama faili ya lazima haipo haitaendelea. Kwenye mashine zangu zote nimeuwasha kwa mkono, maana huja umezimwa. Naelewa sababu moja ya kuuzima, nitaifikia hivi punde, lakini anayeathirika kwa kuzimwa kwake ni mgeni, mtu ambaye hajui kwamba upo.

Sababu yenyewe ni hii, na hapa ndipo jambo lina kina kuliko linavyoonekana. "Lazima" na "hiari" zimeandikwa kwa kiini kizima, wakati mchezaji ana gemu moja mkononi.

Chukua kiini cha Beetle PSX. Orodha yake inataja faili tatu kuwa za lazima: scph5500.bin ya Japani, scph5501.bin ya Amerika Kaskazini, scph5502.bin ya Ulaya. Ukiwa na gemu ya Ulaya, kiini kitatafuta ile ya Ulaya. Hizo nyingine mbili hazihusiki na jioni yako. Lakini menyu itakuonyesha mistari miwili inayosema faili za lazima hazipo, na ule ukaguzi wa kabla ya kupakia unafuata orodha hiyo hiyo. Mtu mwenye kila anachohitaji anaambiwa amepungukiwa. Nairobi jambo hili linatokea sana, kwa sababu konsoli zilizokuja huku zilikuwa za mfumo wa Ulaya, huku gemu zikifika kutoka kila upande, za Ulaya na za Marekani, zikichanganyika kwenye albamu moja.

Genesis Plus GX ina shida iliyogeuzwa. Kiini hiki kinacheza kaseti za Mega Drive, na pia CD za Sega CD. Kwa kuwa kaseti hazihitaji BIOS, faili za CD, yaani bios_CD_U.bin, bios_CD_E.bin na bios_CD_J.bin, zimeandikwa za hiari. Kwa kiini kizima ni kweli. Kwa mtu aliyeshika gemu ya Sega CD si kweli hata kidogo; bila faili ya eneo lake hachezi. Anasoma "hiari", anatulia, anaenda kutafuta kosa mahali pengine.

Halafu kuna hiari ya kweli. Kiini cha mGBA kinaweza kutumia gba_bios.bin ya kilobaiti 16, lakini kisipoipata kinatumia mbadala wake na gemu zinakwenda. PCSX ReARMed, kiini kingine cha PlayStation, nacho kina mbadala wa ndani. Gemu nyingi zitawaka bila BIOS, ingawa ukiwa nayo halisi gemu zinazokubali zinaongezeka. Kwa hiyo neno moja kwenye menyu linabeba mambo mawili yaliyo mbali: "unaweza kuendelea bila hii" na "unaweza kuendelea bila hii kama unacheza kitu kingine". Anayesoma hawezi kuyatenganisha, na yule aliyeandika ile faili ya .info hakupewa nafasi ya kuyatenganisha. Mpangilio wa faili hizo hauna namna ya kusema "mojawapo ya hizi tatu inatosha", wala "ya lazima kwa CD pekee". Hapa pa kurekebisha ni kwenye mpangilio wenyewe kwanza, kioo kifuate.

Jambo la pili lenye uzito ni maana ya "ipo". RetroArch inapokuambia faili ipo, imeangalia kwamba kuna faili yenye jina hilo mahali hapo. Yaliyomo haijayafungua. Kuna mteja aliniletea flashi aliyouziwa na duka moja la mjini, akiambiwa ina BIOS zote. Majina yalikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Nikaangalia ukubwa: scph5501.bin ilikuwa kilobaiti chache tu. Nikaifungua kwa Notepad, nikakuta maandishi ya ukurasa wa tovuti. Mtu alikuwa amehifadhi ukurasa wa kupakulia akadhani amehifadhi faili, kisha ikanakiliwa hivyo hivyo kwenye flashi za kuuza. Programu inayotazama jina peke yake ingesema ipo, na yule mteja angeendelea kuilaumu simu yake.

Misimbo ya MD5 imewekwa kwa ajili ya hilo. Ni mfuatano wa herufi na tarakimu 32 unaokokotolewa kutoka yaliyomo ndani ya faili. Ukibadilisha baiti moja, msimbo unabadilika. Ule wa scph5501.bin ni 490f666e1afb15b7362b406ed1cea246. Menyu inakuonyesha msimbo unaotakiwa, kisha inakuachia wewe utafute programu nyingine ya kukokotoa msimbo wa faili yako na ulinganishe kwa macho. Faili ni ya nusu megabaiti. Hata simu ya zamani inakokotoa msimbo wake kabla hujapepesa jicho. Ninaomba sana, kwa dhati, kazi hii ifanywe na mashine, halafu mtu aambiwe neno moja kati ya matatu: haipo, ipo na ni sahihi, ipo lakini siyo.

Hata kabla ya MD5, ukubwa peke yake unatosha kukamata makosa mengi. Faili ya PlayStation iwe baiti 524,288. Ikipungua au ikizidi, hiyo siyo, na huhitaji kujua zaidi.

Kuhusu folda nitapita haraka. Faili hizi hukaa kwenye folda iitwayo system, na mahali pake unapaona kwenye Settings, Directory, System/BIOS. Baadhi ya viini vinataka folda ndani ya folda. Flycast ya Dreamcast hutafuta kwenye dc ndani ya system. Kwenye Linux herufi kubwa na ndogo ni tofauti, kwa hiyo SCPH5501.BIN haionekani kabisa kwa kiini kinachotafuta scph5501.bin. Windows nayo huficha viambishi vya faili, na mtu akibadilisha jina bila kujua anapata scph5501.bin.bin. Kwenye simu, tangu Android 11, programu za kupanga faili haziingii kirahisi kwenye folda ya Android/data, basi ni bora kuchagua folda ya system sehemu iliyo wazi kwenye hifadhi ya simu. Yote haya yangepungua kama ule mstari unaosema faili haipo ungeandika pia njia kamili ya mahali ulipotafuta. Programu imetoka kuangalia hapo sasa hivi, njia inaijua.

Emuleta nyingine zinafanyaje? PPSSPP, ambayo Henrik Rydgård aliitoa mwaka 2012 na ambayo naiona kwenye simu za vijana wengi hapa mtaani, haihitaji BIOS ya PSP. Kazi za mfumo zimeandikwa upya ndani yake. Unaweka gemu, unacheza. Ni raha, na pia ndiyo inayowazoesha watu kudhani emuleta zote ziko hivyo. Wakihamia PlayStation ya kwanza wanashtuka.

DuckStation ya PlayStation ya kwanza na PCSX2 ya PlayStation 2 zinahitaji BIOS, na zote mbili zinalileta suala hilo mapema. Ukiifungua mara ya kwanza, kuna hatua za maandalizi, na mojawapo ni ukurasa wa BIOS. Unaelekeza folda, programu inazisoma faili zilizomo, kisha inakuonyesha ni za eneo gani na toleo gani. Inazitambua kwa yaliyomo. Hata kama umeipa faili jina la mtoto wako, itajua ni BIOS ya Ulaya. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Najua mtu atasema hizo zinashughulika na konsoli moja tu wakati RetroArch ina viini kwa makumi, kila kimoja na waandishi wake. Ni kweli, na ndiyo maana sidai ukurasa mrembo kwa kila konsoli. Lakini Batocera, mfumo wa Linux wa gemu ambao ndani yake unatumia RetroArch kwa konsoli nyingi, una sehemu kwenye menyu ya kukagua BIOS zinazokosekana kwa mifumo yote kwa pamoja, ikifuata misimbo ya MD5. Kama inawezekana huko, inawezekana.

Ningetaka kuona nini? Kijana achague gemu, abonyeze, na kabla ya kioo kuwa cheusi atokezewe na maneno yanayokaa:

"Gemu hii ni ya Ulaya. Kiini cha Beetle PSX kinahitaji scph5502.bin ili kuiwasha. Faili hiyo haipo kwenye folda hii: RetroArch/system. Ukubwa wake ni baiti 524,288. Usiinakili gemu upya kabla ya kuweka faili hii."

Chini yake viwepo vitufe viwili: kimoja cha kuangalia tena baada ya kuweka faili, kingine cha kujaribu kiini kingine kisichoihitaji, kama kimesakinishwa. Hakuna uchawi ndani ya maneno hayo. Eneo la gemu linasomeka kwenye diski yenyewe: gemu za PlayStation hubeba namba zinazoanza na SLES kwa Ulaya, SLUS kwa Marekani, SLPS kwa nyingi za Japani, na RetroArch tayari huzisoma namba hizo inapoorodhesha gemu zako. Jina la faili liko kwenye .info. Njia ya folda iko kwenye mipangilio. Vipande vyote vimo ndani ya nyumba. Vimewekwa vyumba tofauti.

Na kwenye orodha ya viini, kabla hata ya kuchagua, ningeweka alama ndogo pembeni ya jina: hiki kiko tayari, hiki kinangoja faili, hiki kina faili isiyo sahihi. Mtu aone kabla ya kujaribu. Nina bango la manila ukutani lenye habari hiyo hiyo, niliyoiandika kwa kalamu nene: konsoli, jina la faili, ukubwa, folda. Watoto walishalikariri. Juzi nilimsikia wa gredi ya saba akimweleza mwenzake, "Ya Sega CD angalia herufi ya mwisho, U ni Marekani, E ni Ulaya." Mtoto akielezwa vizuri anaelewa mara moja. Naona si haki kwamba anayecheza kwangu analijua hili kwa sababu ya bango, na wa mtaa wa pili, mwenye programu ile ile, hajui.

Kwa kuwa msimbo uko wazi, si lazima tukae tukingoja. Faili za .info ni maandishi ya kawaida, ziko kwenye hifadhi ya msimbo ya mradi, na yeyote anayejua kiini fulani vizuri anaweza kupendekeza maelezo bora. Badala ya maelezo yanayosema tu kwamba hii ni BIOS ya PS1 ya Ulaya, mtu anaweza kuandika inahitajika kwa gemu zipi. Ni mistari michache, na msaada wake utafika mpaka Kisumu na Mombasa. Vijana wetu wanaojifunza kuandika programu na kutafuta pa kuanzia kwenye miradi ya wazi, hapa ni mahali pazuri: kazi ni ndogo na wanaofaidika ni watu halisi.

Nyota zangu: nne kati ya tano kwa RetroArch yote. Kwa sehemu hii ya faili za mfumo peke yake natoa mbili. Moja ni kwa kuwa taarifa ipo, ya pili ni kwa kuwa inasema tofauti ya lazima na hiari, hata kama inaisema kwa upana mno.

Ukitaka kuanza leo, fanya hivi. Kama simu yako ni ya RAM kidogo na unataka PlayStation ya kwanza, chukua PCSX ReARMed, kwa sababu itakuwashia gemu nyingi hata kabla hujapata BIOS. Kama una kompyuta yenye nguvu kiasi na unataka mwonekano sahihi, chukua Beetle PSX, utoe BIOS kwenye konsoli yako, uangalie ukubwa, ulinganishe MD5, uandike jina kwa herufi ndogo. Washa ule ukaguzi wa kabla ya kupakia ukishakuwa na faili za maeneo yote matatu. Ukiwa na moja tu, uache umezimwa na utegemee Core Information. Kama unataka PlayStation peke yake na huna haja ya konsoli nyingine, DuckStation haitakusumbua kama nyingine kwenye suala la BIOS. Na kama uko karibu na Umoja, bango langu piga picha, halilipishwi.